Kabla Hujatuma Advansi ya Stoo ya Chuma: Vipengele 8 vya Mkataba Vinavyokula Mtaji

Mfanyabiashara mwenzangu wa mtandaoni, hii ni ya kwako wewe ambaye mzigo umeanza kukuzidi. Chumbani hakuna pa kupita, sebuleni maboksi, na ukiulizia fremu unaambiwa ulipe kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Ndipo unaona tangazo: stoo ya chuma ya kuunganisha, inakuja vipande vipande, inafungwa kwa bolti kwa siku chache, na ukihama unahama nayo. Wengine wanauza kontena lililokatwa milango na madirisha, tayari kwa duka au ofisi ya kufungashia oda.

Wazo ni zuri. Tatizo ni karatasi utakayosainishwa. Stoo ya chuma hununuliwi kama simu, unalipa leo na kuondoka nayo leo. Unalipa leo kitu ambacho hakijatengenezwa. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo hela iko kwa muuzaji na wewe huna kitu mkononi zaidi ya mkataba. Ukiwa mbovu, wiki hizo ndizo za kulizwa.

Jambo moja ulibebe mpaka mwisho wa makala hii: nguvu yako yote iko kwenye hela ambayo hujailipa bado. Mkataba unaokutaka ulipe sehemu kubwa kabla hujaona chuma umekunyang'anya nguvu hiyo. Ukisoma kila kipengele, jiulize swali hili: "Hapa mambo yakiharibika, hela inayopotea ni ya nani?" Kama jibu ni "yangu" kila mara, usisaini.

Sasa twende kipengele kwa kipengele.

1. "Advansi hairudishwi kwa sababu yoyote ile"

Hiki ndicho kibaya kuliko vyote, na kipo kwenye ankara nyingi, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Neno la kuliangalia ni "yoyote". Ukighairi mwenyewe baada ya fundi kununua chuma, ni haki akate gharama yake. Lakini kama ni yeye aliyeshindwa kutengeneza, kwa nini abaki na hela yako?

Omba kibadilishwe kiwe hivi: "Mnunuzi akighairi, muuzaji atakata gharama za vifaa alivyokwisha kununua kwa ajili ya kazi hii, kwa kuonyesha risiti, na kurudisha kinachobaki ndani ya siku 14. Muuzaji akishindwa kukabidhi, atarudisha malipo yote." Muuzaji mkweli hana sababu ya kuikataa sentensi hiyo. Akiikataa, ameshakuonyesha alivyojipanga.

2. "Stoo ya kisasa, imara, yenye viwango"

Maneno matamu kwenye tangazo, lakini kwenye mkataba hayapimiki. Imara kwa kipimo gani? Ukilalamika kwamba bati ni laini, atakujibu kwamba kwake hilo ndilo imara.

Andika vitu vinavyopimika:

- Urefu, upana na kimo kwa mita, na kama ni vipimo vya nje au vya ndani. Kontena la futi 20 lina urefu wa nje wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, lakini ndani unabaki na takriban mita 5.9 kwa 2.35. Ukipanga rafu kwa vipimo vya nje, hazitaingia.
- Unene wa bati kwa milimita. Wengi wanauza kwa geji, na wateja wanachanganyikiwa kwa sababu namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Tena kuna zaidi ya jedwali moja la geji. Milimita haina ubishi. Bati la milimita 0.3 lina chuma pungufu kwa robo nzima kuliko la 0.4, na kwa macho huwezi kutofautisha.
- Mabomba ya fremu: ukubwa wa bomba na unene wa ukuta wake. Bomba la unene wa milimita 1.2 na la 1.5 nje yanafanana kabisa, lakini la kwanza lina chuma pungufu kwa moja ya tano.
- Kuta: ni bati tupu, au bati mbili zenye kizuia joto katikati? Kizuia joto cha nini na unene gani? Stoo ya bati tupu kwenye jua la Dar ni tanuri. Kama unauza vipodozi, chokoleti au vifaa vya umeme, joto na unyevu vitakuharibia mzigo kabla wateja hawajaagiza. Uliza pia kizuia joto hicho kinashika moto kwa urahisi au la. Kile cheupe chepesi, kama cha kufungashia televisheni, kinaungua.
- Milango, madirisha, matundu ya hewa, kufuli, idadi ya taa na soketi, na rangi: mikono mingapi, na kama chini yake kuna rangi ya kuzuia kutu.

Mchoro wenye vipimo uambatanishwe na mkataba na usainiwe na wote wawili. Kama hakuna mchoro, bado hakuna makubaliano.

3. "Bei inaweza kubadilika kulingana na soko"

Ni kweli bei ya chuma inapanda na kushuka. Lakini sentensi hii ilivyo, bei ikipanda unaongeza wewe, ikishuka hurudishiwi chochote.

Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza: bei inafungwa ukishalipa advansi, kwa sababu advansi hiyo ndiyo inayonunua chuma. Ya pili: mkiruhusu ipande, wekeni kikomo, kwa mfano isizidi asilimia 5, na ikizidi hapo una haki ya kujitoa na kurudishiwa hela yako. Kama muuzaji anasema chuma kimepanda wiki ya tatu, muulize: hela yangu ya wiki ya kwanza ilinunua nini?

4. Vitu ambavyo havimo kwenye bei

Bei uliyoiona kwenye tangazo mara nyingi ni ya kuchukulia karakanani. Usafiri, kreni ya kushushia, msingi wa zege, mafundi wa kuunganisha, kuvuta umeme, vyote vinaweza kuwa juu yako. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2, halishushwi na vijana wanne. Na kama njia ya kwenda kwako ni nyembamba au ina nyaya za umeme zilizolegea, kreni itageuka na utailipa siku hiyo hiyo.

Andikeni orodha mbili ndani ya mkataba: "Vilivyomo kwenye bei" na "Visivyomo kwenye bei". Chini yake ongeza: "Gharama yoyote ambayo haikutajwa hapa hailipwi bila makubaliano mapya ya maandishi."

Ukiagiza kutoka nje, kwa mfano China, kuwa makini zaidi. Bei ya "mpaka Bandari ya Dar es Salaam" inaishia hapo bandarini. Ushuru wa forodha, VAT, malipo ya wakala wa forodha, tozo za bandari na usafiri wa kuja kwako ni juu yako. Na mzigo ukichelewa kutoka kwa sababu nyaraka za muuzaji zina makosa, gharama za kuuhifadhi zitaendelea kuhesabiwa. Mkataba useme nani anazibeba.

Kwa kontena lililotumika, ongeza hili: muuzaji akupe nyaraka zinazoonyesha kwamba limelipiwa ushuru wa forodha. Hutaki kugundua baadaye kwamba umenunua kesi ya mtu mwingine.

5. "Kazi itakamilika mapema iwezekanavyo"

Hapo hakuna tarehe. Andika siku kamili, halafu ongeza maneno haya: "Muda ni sharti la msingi la mkataba huu." Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania maneno hayo yana uzito. Kama muda ni wa msingi na muuzaji akashindwa, una haki ya kuuvunja mkataba.

Wekeni na fidia ya kuchelewa, kiasi fulani kwa kila wiki. Lakini usiandike kidogo kwa aibu wala kikubwa kwa hasira. Sheria yetu inachukulia kiasi kilichoandikwa kama kikomo: mahakama inakupa fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Ukiandika 20,000 kwa wiki wakati unalipa chumba cha kuhifadhia 100,000, umejifunga mwenyewe.

Kuna mtego mwingine hapa ambao wengi hawaujui. Stoo ikija imechelewa, ukaipokea kimya kimya kwa furaha, unaweza kupoteza haki ya kudai fidia ya kuchelewa. Siku ya kupokea tuma ujumbe: "Napokea stoo leo, imechelewa wiki tatu, na bado nadai fidia yangu kama tulivyokubaliana." Ujumbe mmoja tu wa WhatsApp, lakini unailinda haki yako.

6. "Mnunuzi amekagua na ameridhika, muuzaji hatahusika tena"

Wanakupa karatasi hii usaini wakati kreni bado inanguruma na dereva anataka kuondoka. Kwa kawaida Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inakulinda: bidhaa ilingane na maelezo yake, na kama ulimwambia muuzaji unaitaka kwa kazi gani ukategemea utaalamu wake, ifae kwa kazi hiyo. Lakini ulinzi huo unaweza kuondolewa kwa makubaliano, na sentensi kama hii ndiyo njia ya kuuondoa.

Usiisaini. Andika badala yake: "Nimepokea stoo tarehe fulani. Ukaguzi wa kuvuja na umeme utafanyika ndani ya siku 7." Halafu ukague kweli. Mwagia paa maji kwa mpira kwa nusu saa, mtu akiwa ndani na tochi. Funga milango mchana na uangalie mwanga unapenya wapi, maana unapopenya mwanga na maji yatapita. Pima bati na mabomba. Piga video.

Dhamana nayo iandikwe: miezi mingapi kwa kuvuja, mingapi kwa kutu na viungo vya kuchomelea, na fundi atakuja ndani ya siku ngapi ukimpigia. "Dhamana ipo" bila siku wala miezi haikusaidii.

7. "Mali inabaki ya muuzaji mpaka malipo yakamilike"

Kwa wanaolipa kidogo kidogo, sentensi hii peke yake siyo mbaya. Muuzaji naye anajilinda. Ubaya uko kwenye inayofuata: "Mnunuzi akichelewa, muuzaji atachukua jengo na malipo yaliyokwishafanyika hayatarudishwa." Umelipa milioni 9 kati ya 12, mwezi mmoja biashara imelala, unanyang'anywa stoo pamoja na milioni 9.

Dai mambo matatu: upewe taarifa ya maandishi na siku 30 za kujirekebisha, hesabu ifanyike na kilichozidi urudishiwe, na mzigo wako uliomo ndani usiguswe kamwe. Hilo la mwisho wengi wanalisahau. Stoo inaweza kuwa na thamani ya milioni 12 na ndani kuna mzigo wa milioni 20.

8. "Mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi atakayeteuliwa na muuzaji"

Refa amechaguliwa na timu pinzani. Msuluhishi akubaliwe na pande zote mbili. Kama uko Mwanza na muuzaji yuko Dar, usikubali kwamba kesi lazima isikilizwe Dar, kwa sababu nauli na siku za kufunga biashara zitakufanya uisamehe hela yako. Kama muuzaji yuko nje na mkataba unasema usuluhishi ni huko kwao, jua kwamba kwa stoo ya bei ya kawaida gharama ya kesi inaweza kuzidi unachodai. Kinga yako hapo ni kutolipa kiasi kikubwa mapema.

Na lugha: ukipewa mkataba wa Kiingereza usiouelewa vizuri, omba wa Kiswahili. Ukishasaini, "sikuelewa" ni utetezi dhaifu sana.

Sasa, lipa vipi?

Tuseme stoo ni milioni 12. Muuzaji anataka asilimia 70 mwanzo, yaani milioni 8.4. Ukilipa hiyo, yeye hana tena sababu ya kukuharakishia wewe. Atamharakishia mteja mpya mwenye advansi mpya. Pendekeza hivi:

- Milioni 3.6 mnaposaini, za kununua chuma. Akutumie risiti na picha ya chuma kilichoandikwa jina lako.
- Milioni 3.6 fremu ikishasimama karakanani, na umeenda kuiona na kuipima kabla rangi haijapakwa. Rangi inaficha mengi.
- Milioni 3.6 stoo ikishasimama kwenye kiwanja chako.
- Milioni 1.2 baada ya siku 30, kama haivuji.

Hiyo ya mwisho ndogo ndiyo yenye kazi kubwa. Fundi ambaye bado anakudai anapokea simu.

Anaweza kusema hana mtaji wa kuanzia na milioni 3.6. Sawa, jadilianeni, lakini kila ongezeko lifungwe na kitu cha kuonekana. Unaweza hata kumlipa muuza chuma moja kwa moja, risiti ikatoka kwa jina lako. Na malipo yote yaende kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya shemeji," simama hapo hapo.

Mkataba wa pili ambao wengi wanausahau

Stoo yako utaiweka wapi? Kama kiwanja ni cha kupanga, una kazi nyingine kwa mwenye kiwanja. Sheria ya Ardhi inahesabu majengo na vitu vilivyofungwa kwenye ardhi moja kwa moja kuwa ni sehemu ya ardhi. Ukimwaga zege na kukomelea stoo humo bila maandishi, siku ya kuhama mwenye kiwanja anaweza kukuambia hiyo ni yake. Andikeni kabla: stoo ni mali ya mpangaji, imefungwa kwa bolti, na ataihamisha mkataba wa pango ukiisha.

Nenda pia halmashauri kuuliza kibali. Na kama ni kando ya barabara kuu au ya mkoa, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Ukiweka ndani ya hapo, siku ya bomoabomoa muuzaji wa stoo hatakuwepo. Kwenye mkataba wa kununua ongeza: "Kibali kikikataliwa kabla kazi haijaanza, advansi itarudishwa yote."

Mchunguze muuzaji kabla ya kalamu

Kurasa zenye wafuasi wengi na picha za kuvutia siyo ushahidi. Picha unaweza kuchukua popote, wewe mwenyewe unauza mtandaoni na unalijua hilo. Nenda karakanani. Omba kuonyeshwa stoo mbili alizouza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uongee na wenyewe bila yeye kuwepo. Angalia usajili wake BRELA, omba namba ya mlipakodi, na dai risiti ya EFD kwa kila malipo. Jina kwenye risiti, kwenye akaunti na kwenye mkataba liwe moja.

Mkataba usainiwe kila ukurasa, mashahidi wawepo, kila mmoja abaki na nakala. Uliza TRA kama mkataba wako unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu ukitakiwa na usipolipiwa unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi. Na kwa kitu cha mamilioni, kumlipa wakili akusomee kurasa tatu siyo anasa.

Mambo yakishaharibika

Usianze na matusi kwenye posti zake. Andika barua au ujumbe wenye tarehe: mlikubaliana nini, amefanya nini, unataka nini, na ndani ya siku ngapi. Hifadhi mazungumzo yote kwenye simu yenyewe, usitegemee picha za skrini tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Kama alikudanganya kuhusu bidhaa, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Kama ni deni la mkataba, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hii kulingana na kiasi. Polisi ni kwa utapeli: mtu aliyechukua hela bila nia ya kutengeneza chochote. Kuchelewa peke yake watakuambia ni madai, nenda mahakamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye stoo ya chuma, daftari lako ni mkataba, nao unaandikwa kabla ya advansi. Leo jioni ichukue ile ankara uliyotumiwa, kaa na kalamu nyekundu, pita kipengele kwa kipengele. Kila penye neno lisilopimika, weka namba. Kila penye "muuzaji hatahusika", uliza ni nani basi atahusika.

Ihifadhi posti hii, na mtumie yule mwenzako ambaye ameshaanza kuulizia bei ya kontena. Una kipengele umekutana nacho hukukielewa? Kiandike hapo chini bila kutaja jina la muuzaji, tukisome pamoja.